Meli ya Wissmann na farasi wa Roosevelt

Asubuhi ya Agosti 13, 1914, meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma. Mzinga ukalia kutoka ziwani. Aliyepiga alikuwa Kamanda Rhoades wa meli ya Waingereza, Gwendolen, ambaye alikwisha kupata habari kwamba huko Ulaya vita vimewaka. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, habari zilikuwa hazijamfikia. Wawili hao walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, na inasimuliwa kwamba Berndt alipanda mashua ndogo, akapiga makasia hadi kwa mwenzake huku amefura, akitaka kujua kama bwana huyu amelewa. Akaambiwa kuna vita, akashikwa mateka.

Vitabu vya Waingereza vinakipenda kisa hiki. Wanakihesabu kuwa ushindi wao wa kwanza wa majini katika Vita Kuu ya Kwanza, ingawa meli iliyopigwa haikuwa majini. Nami kila nikikisoma hucheka. Kinachonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni lile jina la meli. Tangu mwaka 2020 jina hilohilo limekuwa likibanduliwa kwenye vibao vya mitaa nchini Ujerumani, na sehemu ya nguvu iliyolisukuma ilitoka mbali kabisa na Liuli: ilitoka Minneapolis, Marekani.

Hermann von Wissmann alitumwa pwani yetu mwaka 1889 kuzima upinzani ulioongozwa na Abushiri bin Salim. Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa Pangani. Mwaka 1895 Wissmann akarudi akiwa gavana, na katika utawala wake Hassan bin Omari Makunganya akanyongwa Kilwa. Meli iliyobeba jina lake ilinunuliwa kwa michango ya Wajerumani wa kawaida walioambiwa kwamba fedha zao zitakomesha biashara ya watumwa. Vipande vyake vilipitishwa mdomo wa Zambezi, vikapandishwa Mto Shire, na penye maporomoko vikabebwa na wapagazi, mpaka mwaka 1893 ikaunganishwa na kuelea ziwani. Utumwa ulikuwa kweli. Misafara ya kwenda Kilwa iliwakausha watu wa mwambao huu. Waliochanga hawakudanganywa katika hilo. Lakini chombo kilichokuja kuwakomboa watu kilikuja na mizinga, na nyuma yake vikafuata kodi ya kichwa, kazi ya lazima na hamsa ishirini, yaani viboko 25 ambavyo Mwafrika alivua nguo kuvipokea na Mzungu hakuvipokea kamwe.

Pamoja na viboko yalikuja majina. Liuli ina mawe makubwa, na maarufu zaidi ni Pomonda. Mjerumani alipoona jiwe moja likifanana na ile Sphinx ya Misri, bandari nzima ikawa Sphinxhafen. Manda, kaskazini kidogo, ikawa Wiedhafen. Wenyeji waliendelea kuvua usipa na kupaita kwao kama walivyopaita siku zote, na hilo ni jambo ambalo mamlaka zinazopenda kuandika vibao husahau: kibao husomwa na anayejua kusoma, tena kama ana haja.

Mwaka 1909 Wissmann alijengewa sanamu Dar es Salaam. Ifikirie tarehe hiyo. Vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani ilikuwa imezimwa miaka miwili tu nyuma yake, na kusini kwa nchi vijiji vilikuwa bado vitupu. Sanamu ilimweka Wissmann juu, amesimama wima, anatazama mbele. Chini ya miguu yake palikuwa na askari Mwafrika akitandaza bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyeuawa, naye amemwinulia macho bwana wake. Mchongaji hakuacha nafasi ya mtu kuuliza nani yuko wapi. Waingereza walipoiteka nchi waliing'oa, na mahali pale tangu mwaka 1927 pamesimama Sanamu ya Askari, yule mwenye bunduki yenye singe iliyoelekea bandarini. Huyu angalau hamtazami mtu juu yake. Ni kweli alikufa katika vita ya wengine, lakini amesimama peke yake.

Sasa twende New York. Kwa zaidi ya miaka 80, mbele ya Makumbusho ya Marekani ya Historia ya Asili, ilisimama sanamu ya Rais Theodore Roosevelt, yuleyule aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1909 kuwinda tembo na simba. Roosevelt amepanda farasi. Upande mmoja wa farasi anatembea kwa miguu mwanamume Mwafrika. Upande wa pili, kwa miguu pia, mwenyeji wa asili wa Marekani. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1940. Ukiiweka picha yake kando ya picha ya Wissmann wa Dar es Salaam utadhani wachongaji waliandikiana barua. Mzungu juu, wengine chini wakimpamba. Mamilioni ya watoto wa shule walipita chini ya farasi yule wakienda kuangalia mifupa ya dinosaria, wakapata somo la kwanza kabla hawajafika mlangoni.

Mei 25, 2020, polisi Mzungu wa Minneapolis, Derek Chauvin, alimkandamiza shingoni kwa goti George Floyd, Mmarekani Mweusi aliyekuwa amefungwa pingu na kulazwa kifudifudi barabarani. Alimkandamiza kwa zaidi ya dakika tisa, mpaka akafa. Binti aliyekuwa akipita alirekodi tukio zima kwa simu, na video ikazunguka dunia. Marekani ikaingia mitaani, miji mikubwa na vijiji ambavyo mtu Mweusi haonekani mwaka mzima. Wapo walioandamana kwa amani, wapo waliochoma maduka, na wapo waliogeukia sanamu. Mwezi uliofuata makumbusho yale ya New York yakatangaza kwamba Roosevelt na farasi wake waondolewe, na Januari 2022 wakaondolewa kweli. Richmond, Virginia, jenerali Robert E. Lee, aliyeongoza jeshi la majimbo yaliyopigana ili utumwa ubaki, alishushwa Septemba 2021. Alikuwa amesimama pale tangu mwaka 1890.

Mwaka 1890, wakati vita yenyewe iliisha mwaka 1865. Sanamu nyingi za namna hiyo zilijengwa miongo kadhaa baada ya vita, katika miaka ambayo majimbo ya Kusini yalikuwa yakitunga sheria za kuwanyima Weusi kura, viti vya treni na shule. Ndiyo maana huwa sielewi wanaosema kuangusha sanamu ni kufuta historia. Lee wa shaba wa mwaka 1890 na Wissmann wa mwaka 1909 walikuwa tangazo kwa walio hai, lililowekwa na walioshinda au na walioshindwa wakarudishiwa madaraka, na kila mtu Mweusi aliyepita chini yake alilielewa vizuri bila kusomewa.

Wajerumani walikuwa na mambo yao. Wissmann aliyeng'olewa Dar es Salaam alisafirishwa hadi Hamburg, na mwaka 1922 akasimamishwa tena mbele ya chuo kikuu. Wanafunzi walimwangusha mwaka 1967, akarudishwa, wakamwangusha tena mwaka 1968, mwaka uleule Martin Luther King alipouawa na vijana wa Ulaya walipokuwa wakiiga mbinu za maandamano ya Marekani. Hakurudishwa tena. Lakini mitaa ilibaki na jina lake, na la Carl Peters pia, yule ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Huyu mwaka 1891 na 1892 aliwanyonga Kilimanjaro mtumishi wake na msichana aliyekuwa akiishi naye, mambo yaliyowashtua hata Wajerumani wenzake wakamfukuza kazi mwaka 1897. Wanazi walipotawala wakamsafisha, na mwaka 1939 mtaa mmoja wa Berlin ukaitwa Petersallee.

Kazi ya kuyaondoa majina hayo haikuanza na Floyd. Miongoni mwa waliopiga kelele kwa miongo ni Mtanzania Mnyaka Sururu Mboro, mwana wa Kilimanjaro aliyefika Ujerumani mwaka 1978, akiwa amebeba agizo la bibi yake la kutafuta kichwa cha Mangi Meli aliyenyongwa Moshi mwaka 1900. Kwa miaka mingi wakubwa wa Berlin walimsikiliza kwa adabu na hawakufanya kitu. Lakini maandamano ya Marekani yalipoenea hadi Ulaya, watu waliokuwa wamechoka kugonga mlango waliukuta umeanza kulegea. Aprili 2021 Wissmannstraße ya mtaa wa Neukölln ikawa Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya mwanamke wa kwanza kuwa naibu waziri katika serikali yetu. Agosti 2024 Petersallee nayo ikagawanywa. Kipande kimoja sasa kinaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa mwanamke shujaa wa Namibia, na kingine kinaitwa Maji-Maji-Allee.

Kuna ujanja mmoja hapa ambao siwezi kuupita. Mwaka 1986, wakazi wa Berlin walipoanza kulalamikia Petersallee, halmashauri ilipata suluhisho la ajabu: ilimtafuta Peters mwingine. Ikasema mtaa sasa unamheshimu Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi, na kibao kikabaki vilevile. Hakuna aliyebadilisha anwani wala kadi ya benki. Miaka 39 baadaye Wamarekani wakafanya jambo hilohilo bila hata kuona haya. Kambi kubwa ya jeshi ya Fort Bragg, iliyoitwa kwa jina la jenerali wa jeshi la watetezi wa utumwa, ilibadilishwa kuwa Fort Liberty mwaka 2023. Februari 2025 serikali ya Donald Trump ikarudisha jina la Bragg, ikieleza kwamba safari hii ni Bragg mwingine, askari wa kawaida wa Vita Kuu ya Pili aliyeitwa Roland. Oktoba mwaka huohuo, Washington, sanamu ya Albert Pike, jenerali mwingine wa upande ule, iliyoangushwa na waandamanaji mwaka 2020, ikasimamishwa upya. Mgawanyiko wa Wamarekani ndio huo. Nusu ya nchi iliona Floyd anakufa ikasema tumechelewa sana kubadilika. Nusu nyingine iliona maduka yanaungua na majenerali wanashushwa ikasema tunanyang'anywa nchi yetu. Wakachagua viongozi kwa hasira hizo, wakapokezana, na kila anayeingia anaanza kwa kubandika na kubandua vibao.

Huku kwetu vibao vilibanduka kirahisi. Mwaka 1918 Waingereza waliielesha tena meli ya Wissmann na kuipa jina la mfalme wao, King George. Kwa Mnyasa wa Liuli sidhani kama ilileta tofauti yoyote. Sphinxhafen na Wiedhafen yakafa bila mazishi. Baada ya uhuru, miongoni mwa meli zilizokuwa zikitoka bandari za Kyela kuja Mbamba Bay mojawapo iliitwa MV Songea. Kutoka Wissmann hadi Songea katika maji yaleyale: hakukuwa na maandamano, hakukuwa na aliyekuja usiku na kamba na nyundo, kwa sababu rahisi kwamba wenye sanamu walikuwa wamekwisha kuondoka. Marekani wenye sanamu na waliodharauliwa na sanamu wanapanda basi moja.

Kwa hiyo tukijilinganisha nao tusijisifu. Sisi jina lilituwia rahisi. Kilichotushinda ni mwili.

Songea Mbano alikuwa nduna, yaani jemadari, wa Wangoni, na mji mkuu wa mkoa huu umechukua jina lake. Dawa ya maji ya vita ya Maji Maji ilipofika Ungoni mwaka 1905, Wangoni waliipokea na kupigana, wakashindwa. Februari 27, 1906, zaidi ya watu 60 walinyongwa Songea kwa siku moja na kuzikwa katika kaburi la halaiki, wakiwamo Nkosi Mputa Gama na mwanamke kiongozi, Mkomanile. Songea mwenyewe alinyongwa siku chache baadaye. Husimuliwa kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, akakataa kuishi wenzake wamekufa. Kaburi lake liko peke yake kwenye eneo la Makumbusho ya Majimaji, na kwa masimulizi ya ukoo wake lina mwili usio na kichwa. Kichwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Baada ya kunyonga, jeshi lilichoma ghala na mashamba. Njaa iliua wengi kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000 katika vita nzima. Wapo wanahistoria wanaofikisha 300,000.

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akaonana na uzao wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa waliyotenda Wajerumani, na akaahidi kwamba watasaidia kukitafuta kichwa. Miezi miwili kabla yake, watafiti wa Berlin walikuwa wametoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki. Mengi, 904, ni ya Rwanda. 202 ni ya Tanzania. Vipimo vya vinasaba viliyakuta mafuvu machache yenye jamaa walio hai Kilimanjaro. La Songea halikuwamo katika hayo.

Mafuvu hayo yalikusanywa na mtu mmoja, Felix von Luschan, msomi wa Berlin aliyewaandikia maofisa wa makoloni wamtumie vichwa. Alipofariki mwaka 1924, mkusanyiko wake binafsi, karibu mafuvu 5,000, uliuzwa. Ukanunuliwa na Makumbusho ya Marekani ya Historia ya Asili, New York. Ndiyo, pale pale penye farasi wa Roosevelt. Nje sanamu ilionyesha nani yuko chini. Ndani, kwenye masanduku, kulikuwa na mafuvu ya watu wa makoloni ya Ujerumani, wa Namibia wakiwamo, yaliyonunuliwa ili yapimwe kwa rula na kuthibitisha jambo hilohilo kwa tarakimu. Waandamanaji wa mwaka 2020 waliitazama sanamu. Oktoba 2023, mkurugenzi mpya wa makumbusho hayo, Sean Decatur, Mmarekani Mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo, akaagiza mabaki yote ya binadamu yaondolewe kwenye maonyesho, akakiri hadharani kwamba mengi yalikusanywa kwa ajili ya sayansi ya ubaguzi. Mkoa wa Ruvuma una sababu ya kufuatilia kinachoendelea kwenye ghala la New York, na sioni dalili kwamba tunafuatilia vya kutosha. Macho yetu yote yako Berlin.

Nimewataja Wangoni kwa heshima, nao wanastahili. Lakini nikiwa Mbinga siwezi kuishia hapo, kwa sababu ukipanda milima ya Umatengo utaona ngoro, vile vishimo vilivyopangwa kwenye miteremko mikali kama sega la asali, ambavyo wataalamu wa kilimo wanakuja kutoka mbali kuvisoma. Udongo hauondoki, maji hayapotei, na maharage na mahindi yanastawi mahali ambapo mgeni angeogopa hata kusimama. Sababu mojawapo ya Wamatengo kujibana kwenye miteremko ile, wengi kwa eneo dogo, mpaka wakalazimika kubuni kilimo cha aina yake, ilikuwa vita vya Wangoni katika karne ya 19. Walipanda juu kukimbia kutekwa. Kwenye mwambao wa mashariki wa ziwa, kuna waliojenga nyumba juu ya nguzo ndani ya maji kwa hofu hiyohiyo. Waliotekwa walichukuliwa Ungoni wakawa watu wa daraja la chini, wakipigana vita vya wakubwa wao. Kwa hiyo Songea Mbano, shujaa wa taifa, kwa bibi wa Kimatengo wa mwaka 1880 alikuwa mtu wa kukimbiwa na watoto mgongoni.

Yote mawili ni kweli. Nashangaa jinsi Wamarekani wengi wanavyoshindwa kushika mawili kwa wakati mmoja, kwamba mtu aweze kuandika tangazo la uhuru na kumiliki watumwa. Na nashangaa zaidi jinsi sisi tulivyoyashika bila kelele. Mwaka 1936, miaka 30 tu baada ya kunyongwa kwa Songea, wakulima wa tumbaku wa pande hizi walijiunga katika chama kikuu cha ushirika kilichoitwa Ngoni-Matengo, na jina likafupishwa kuwa NGOMAT. Waliokimbizana walianza kupimiana tumbaku kwenye mzani mmoja. Na Wangoni na Wahehe, waliouana kweli kweli katika vita vya miaka ya 1870 na 1880, leo ni watani. Mhehe anaweza kuingia msibani kwa Mngoni akalala mahali pa maiti, akadai ubani, na wafiwa wakacheka.

Watu wengi huishia hapo, wakasema Marekani ingehitaji utani. Sikubaliani nao. Utani unawezekana kati ya watu ambao hakuna aliyebaki amemkalia mwenzake. Hakuna Mngoni leo anayemiliki mlima wa Mmatengo kwa sababu babu yake alishinda vita. Hakuna Mmatengo anayekataliwa mkopo kwa sababu ya kabila lake. Marekani mambo ni tofauti. Utafiti wa benki kuu yao wa mwaka 2022 ulionyesha kaya ya kati ya Wazungu ina mali ya takriban dola 285,000, na ya Weusi karibu dola 45,000. Pengo hilo ni utumwa, sheria za ubaguzi na mikopo ya nyumba iliyonyimwa kwa mtaa mzima, vikarithiwa kama shamba linavyorithiwa. Ukimwambia mwenye dola 45,000 amtanie mwenye 285,000, unamwomba awe mchekeshaji.

Na utajiri ule una uzi unaofika mpaka huku. Kabla ya Wajerumani, kitambaa kilichotakiwa zaidi kwenye misafara ya Kilwa na Ziwa Nyasa kilikuwa merikani, pamba ngumu isiyopaushwa iliyoletwa Zanzibar na meli za Salem, Massachusetts. Viwanda vya huko vilifuma pamba iliyovunwa na watumwa wa majimbo ya Kusini. Kitambaa kikavuka bahari, kikapanda bara, na mwambao huu kikabadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Mtumwa mmoja alivuna pamba upande mmoja wa dunia, na kitambaa chake kikamnunua mtumwa mwingine upande wa pili. Wafanyabiashara wa katikati walikuwa Wamarekani, Wahindi, Waarabu, Waswahili na Wayao, na baadhi ya waliouza walikuwa majirani wa waliouzwa.

Hatukuwa wasafi baada ya hapo pia. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge wa TANU walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa watu weusi tu, na Nyerere akawakemea kwa ukali, akatishia kujiuzulu pamoja na serikali yake iwapo sheria ya uraia ingesimama juu ya rangi. Wabunge hao walikuwa watu waliotoka kwenye shule zilizogawanywa kwa rangi na mishahara iliyogawanywa kwa rangi, na jambo la kwanza lililowajia kichwani lilikuwa kuigeuza ngazi, wao wapande juu. Walizuiwa na hoja ya mtu mmoja mwenye madaraka. Isingekuwa yeye sijui.

Na suala la polisi na mwandamanaji halikuzaliwa Minneapolis. Februari 2012, siku chache kabla ya kumbukizi ya Majimaji, wananchi wa Songea, madereva wa bodaboda wakiwa mbele, waliandamana wakilalamika kwamba watu wanauawa mfululizo na polisi hawafanyi kitu. Polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Wote waliohusika walikuwa weusi, na wengi walikuwa Wangoni. Sielezi hili kusema kwamba ubaguzi wa Marekani ni jambo dogo. Bunduki ya serikali ina tabia zake popote ilipo, na rangi inapoongezwa juu yake inakuwa rahisi zaidi kuifyatua na vigumu zaidi kumshtaki aliyeifyatua. Chauvin alihukumiwa miaka 22 na nusu kwa sababu binti mmoja hakushusha simu yake.

Siku hizi kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay ni lami, kilomita 66 za kuteremka kutoka kwenye kahawa mpaka kwenye dagaa, na watalii wameanza kuzungumziwa katika vikao vya halmashauri. Wakija Liuli watataka kuonyeshwa ilipokuwa meli, na bila shaka mtu atapendekeza kibao chenye kisa cha manahodha wawili walevi, kwa kuwa ndicho kinachochekesha wageni. Napendekeza kiandikwe kingine. Kianze na wapagazi waliobeba vyuma vya meli kando ya Mto Shire. Kieleze Wissmann alimnyonga nani kabla meli haijapewa jina lake. Kiseme wazi kwamba kulikuwa na biashara ya watumwa hapa, na waliokuwa wakikamata watu ni akina nani, Wangoni wakiwamo. Wanyasa watataka jambo hilo liwe mstari wa kwanza. Wangoni watasema mstari wa kwanza ni Februari 27, 1906. Wamatengo watauliza kwa nini ngoro hazikutajwa. Kikao cha kuamua maneno hayo kitakuwa kirefu na hakitaisha siku moja, na ningependa kifanyike kabla ya mfadhili kutoka Berlin kutuletea kibao kilichokwisha andikwa.